Damu Iliyokatazwa Kutoka

Mwanangu, siku ile bado ninaiona. Ngoy, mume wangu, fundi wa treni hapa Kamina, alikaa mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji, nyayo zikiwaka kama moto. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Wenzake walimtania kwamba anaanza lutuku asubuhi, naye pombe hakuigusa.

Daktari alikwisha kutueleza. Damu yake ilizidi, ikawa nzito. Na vile vitu vya damu vinavyoziba kidonda, kwake viliziba njia pasipo kidonda. Ugonjwa huo hauponi. Dawa ilikuwa kumtoa damu chupa moja, kisha tena kila inapozidi. Baada ya chupa ya kwanza maumivu ya kichwa yalimwacha, akacheka, akala. Nilifurahi, we!

Lakini siku zile watu waliogopa batumbula, waliosemwa kwamba hukamata watu na kuwanyonya damu kwa ajili ya wazungu. Siku hiyo ya beseni akaingia Kabange, kaka yake mkubwa, kutoka Bukama, amekasirika.

"Damu yako banapeleka wapi?"

"Banaimwanga chini, yaya," nikajibu mimi, maana kaka mkubwa kwetu ni yaya. "Minyi niliona na macho yangu."

"Weye mwanamuke, balikuonyesha ya mbuzi! Ngoy, usiende tena kule. Ukienda, minyi shiko ndugu yako tena."

Ngoy alimheshimu kama baba. Hakwenda. Nilimpigia Kabange magoti, nikalia. Naye akaenda sokoni kununua maini nimpikie mgonjwa, ati kurudisha damu! Alimpenda, mwanangu. Hilo ndilo linaloniua.

Asubuhi moja Ngoy alishika kikombe, kikamponyoka. Mkono wa kulia umekufa, mdomo umepinda. Alitaka kuniita, jina halikutoka. Tulimfikisha hospitali amekwisha kukata roho. Matangani Kabange akasimama, akasema batumbula wamemmaliza, na watu wakaitikia.

Sasa nimezeeka, na sijui kama maneno yanasaidia mtu. Yangu hayakumsaidia Ngoy. Ila nakuomba: damu yako ikikugeuka, nenda kwa daktari siku ile aliyokuambia, hata ukoo mzima ukununie. Na ukimpenda mgonjwa, uliza kabla ya kumkataza. Mungu akukinge na ugonjwa, mwanangu, na akukinge pia na upendo usiosikia.