Chavua ya Mipaina

Emerensiana alikuwa amekwisha kusema neno lake, na neno lilikuwa limekwisha kufika. Kule bondeni, upande wa ziwa, Ezekieli, msimamizi wa mtambo wa kuchimba gesi, alikuwa ameanza kupanga mabomba ya chuma ya kushushwa kisimani. Emerensiana mwenyewe alibaki Makambako, katika nyumba ya kupanga iliyogeuzwa maabara, akinawa mikono.

Kazi yake ilikuwa kusoma umri wa ardhi. Mtambo ukichimba, tope hupandisha vipande vya mwamba. Huletewa vipande hivyo kwa gari, akavikausha, akaviyeyusha kwa tindikali, na kinachogoma kuyeyuka ni chavua ya mimea iliyokufa kabla hajakuwako mtu wa kuipa jina. Matabaka ya juu, yaliyo laini, yana chavua ya nyasi. Mwamba mkongwe wenye gesi una chavua yenye vifuko viwili vya hewa, mfano wa mabawa. Mabomba sharti yasimame kwenye mwamba ule. Yakisimama kwenye udongo laini, gesi itapasua njia pembeni yake, na watu wako juu. Asubuhi ile aliona mabawa, tena mengi, akasema washushe.

Alitoka kumwaga maji. Uani, Mama Efraimu, mwenye nyumba, alikuwa ameketi kwenye turubai akichambua maharage.

“Kamwene, mwanangu. Leo hata chai hujanywa.”

“Kamwene, mama. Nitakunywa.”

“Ule udongo wako jana ulikuwa umeloa, nikauonea huruma. Nikauanika hapa pamoja na maharage yangu, jioni nikaurudisha. Ulikauka vizuri?”

Emerensiana alikuwa akitazama ukingo wa turubai, ambapo upepo wa Septemba ulikuwa umekusanya unga wa manjano. Unga huohuo ulikuwa kwenye viganja vya mama. Aliujua. Kwao Matembwe, mkoani Njombe, baba yake alipanda mipaina ya mbao, na kila msimu wa chavua nguo nyeupe za kanisani zilianuliwa zikiwa za manjano. Chavua ya mpaina nayo ina vifuko viwili.

“Nimeharibu?”

“Hapana, mama. Ni mimi sikufunga mlango.”

Alimpigia Ezekieli. “Usishushe.”

“Dada Emere, si umesema tushushe?”

“Sampuli imechafuka. Nipe hadi jioni.”

“Jioni ya huko kwenye baridi au ya huku? Huku tope limeanza kutoa mapovu. Gesi inapiga hodi, nami nimesimama mlangoni na suruali moja. Sema ndiyo tu, dada. Ndiyo ni neno fupi.”

“Ndiyo maana linaponyoka upesi,” alisema, akakata.

Alifungua mfuko wa akiba wa vipande vilevile, ambao haukuwa umeguswa na jua. Akafunga madirisha, akaziba chini ya mlango kwa kanga. Tindikali inataka hewa, lakini hewa ya Makambako siku ile ndiyo iliyokuwa adui. Alivaa kinyago, akafanya kazi ya siku mbili kwa alasiri moja, macho yakimchoma. Simu ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Akisema ndiyo bila kujua, anawaweka watu juu ya udongo laini. Akichelewa, gesi itafika kabla ya bomba. Hata kunyamaza kwake kulikuwa jibu.

Aliinamia hadubini. Nyasi. Nyasi tena. Alisogeza kioo mstari kwa mstari, kama mtu apaliliaye. Kisha akaiona: mabawa mawili, moja limechanika, rangi ya chai iliyochemka mno. Chavua ya mpaina wa leo hupitisha mwanga, jambo ambalo asubuhi, kwa haraka, hakulipima. Hii ilikuwa imeokwa na joto la ardhi.

Hakupiga simu. Punje moja huweza kusombwa na maji ya kale kutoka mwamba mwingine. Akatafuta ya pili, akaikosa, akarudi mwanzo wa mstari, akaipata. Kisha ya tatu, kisha kundi zima la punje za kahawia, zimelaliana. Zile nyasi zilikuwa zimeporomoka tu kutoka matabaka ya juu.

“Shusha mabomba,” alimwambia Ezekieli.

“Dada, hilo ndilo ulilosema asubuhi.”

“Asubuhi nilisema. Sasa najua.”

“Na mimi asubuhi nilikuwa na nywele nyeusi,” alisema Ezekieli, kisha akawageukia wenzake. “Haya, shusheni.”

Ezekieli hakuikata simu. Emerensiana alisikiliza chuma kikigonga chuma, bomba baada ya bomba, na dirisha alikuwa bado hajalifungua.