Fundi wa Baba

Harufu ya petroli hunirudisha kwenye mlima wa Kiruruma, mimi na dada yangu tumesimama kando ya pikipiki ya baba iliyosheheni mikungu ya ndizi.

Kwenye tambarare pikipiki ile ilikimbia vizuri. Ikianza kupanda na mzigo, nguvu ziliisha, ikazima. Ikipumzika kidogo, iliwaka tena.

"Labda ni plagi, baba," nilisema, nikitamani niwe nimepatia.

"Plagi nimebadilisha juzi, mwanangu."

Dada aliinamia tangi. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea, na baba alikuwa ameliziba kwa nailoni iliyokazwa kwa kamba ya mgomba. Dada akalegeza kamba. Tangi likavuta hewa, fyuu.

"Baba, ulilibana pumzi," alisema.

Baba alicheka, akatueleza taratibu. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake, la sivyo petroli hukwama. Mlimani, penye mzigo, injini huinywa kwa wingi, ndiyo maana ilizimia hapo. Akaitoboa nailoni kwa mwiba na kuifunga tena.

"Fundi wangu, kaa mbele," alimwambia dada. "Na wewe bwana plagi, kaa nyuma ushike ndizi."

"Shika vizuri, msaidizi," dada aliongeza.

Tukapanda. Dada alikaa katikati ya mikono ya baba. Injini haikukohoa hata mara moja, nami nyuma nimekumbatia mikungu, nikiomba kimoyomoyo izime.