Friji Niliyompandishia Mama Kinole

Nakumbuka siku niliyompandishia mama yangu friji Kinole, kijijini kwetu mlimani, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka damu inachemka. Hasira zenyewe najikasirikia mimi, lakini na wewe, ingawa sikukuzaa mimi, leo utapata fungu lako. Kwa hiyo kaa, na hiyo simu iweke pembeni.

Wakati ule nilikuwa nauza juisi, maji baridi na barafu Morogoro mjini, karibu na soko. Bado kijana, mdomo mwingi, najiona maisha nimeyapatia. Friji yangu ya kwanza ilikuwa mtumba kutoka Ulaya, jitu jeupe refu kunizidi, na lilikuwa na ugonjwa mmoja: halikati. Friji nzima ikishapoa inakata, inapumzika, ndipo inawaka tena. Langu lilikuwa linanguruma usiku na mchana na kugandisha kila kitu, hadi nyanya za mboga. Naweka uniti za umeme wa LUKU leo, keshokutwa mita inalia. Fundi aliniambia bila kuficha, "Dada, themostati ya kuukata umeme imekufa na raba ya mlango imekwisha. Hili linakula umeme kuliko faida yako. Ama tulitengeneze, ama tulivunje tuuze vyuma." Nikaona ananisumbua tu. Nikanunua jipya.

Sasa lile la zamani? Unatujua sisi watu wa mjini. Kochi likichanika, peleka kijijini. Redio ikikoroma, peleka kijijini. Televisheni ikionyesha vivuli, si bibi ataiangalia hivyo hivyo! Tumewageuza wazazi wetu kuwa jalala, halafu tunajisifu kwamba tunawakumbuka.

Mama yangu alikuwa na kisukari, na alikuwa akijidunga insulini kila siku. Umeme ulikuwa ndio kwanza umefika kwao. Kabla ya hapo dawa yake aliiweka kwenye chungu kidogo, chungu hicho ndani ya kikubwa, na katikati mchanga uliolowa, kama nesi wa zahanati alivyomfundisha. Kule mlimani kuna ubaridi wake, kwa hiyo dawa ilikaa salama na mama akalima pilipili manga zake bila shida. Mimi nilikuwa nakionea aibu kile chungu. Yaani nikionee aibu chungu kilichokuwa kinamtunza mama yangu!

Nikakodi gari mpaka liliposhindwa kupanda. Kutoka hapo vijana wanne wakaliweka friji mabegani, wakapita nalo kwenye migomba na miti ya mdalasini. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alinikumbatia akalia mbele za watu. Nikavitoa vyungu nje kwa mikono yangu, nikamwaga mchanga, nikasema, "Mama, mambo ya kizamani sasa basi." Kwamba friji halikati, sikumwambia. Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Sikumwambia.

Baada ya muda mama akaanza kuuza pilipili manga mbichi, kabla hazijakauka, kwa bei ya kutupa, apate uniti. Kisha akazima taa zote akarudia kibatari. Nyumba ina umeme, na mama anakula gizani ili friji langu bovu lishibe! Sikujua. Angeniambiaje, wakati zawadi ya binti yake ilishangiliwa na kijiji kizima?

Siku moja akanipigia simu. Wateja walikuwa wamejaa mbele yangu.

"Mwanangu, hii dawa inaganda. Inakuwa barafu."

"Mama, ikiganda si ndiyo haiharibiki? Ipashe mkononi iyeyuke, ujidunge. Nina watu hapa."

"Haya, mwanangu."

Nikakata simu. Sikuuliza nesi, sikuuliza fundi, sikuuliza mtu yeyote. Insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka haifanyi kazi tena. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne sikulijua hilo, na sikuona haya kutoa ushauri. Mama aliniamini. Akawa anajidunga dawa iliyokufa, asubuhi na jioni, kwa sababu mwanawe wa mjini kasema.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyemkuta ameanguka shambani, haongei. Wakamteremsha kwa machela mpaka barabarani, wakamfikisha hospitali mjini. Nilipofika pale mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, suruali imejaa matope mpaka magotini. Sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli, na huyu alikuwa mtu wa maneno machache. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Hakuwahi kuacha kuniitikia tangu nizaliwe.

"Lile friji kwako ulilitoa kwa nini?"

"Nilinunua jipya, mjomba."

"Sikukuuliza umenunua nini."

Nikasema linakula umeme. Nikasema halikati, linagandisha kila kitu.

"Kumbe ulikuwa unajua."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Wewe mwenye biashara lilikushinda. Ukampa mama yako, muuza pilipili, ndiye alilishe. Nenda ukalichukue. Na usitume mtu."

Nilikwenda. Niliwalipa wabebaji walewale, nikashuka nyuma yao, na hakuna aliyepiga kelele njia nzima. Nikampelekea yule fundi. Kwanza aliinyonya gesi akaiweka kwenye mtungi, maana kuna wahuni wanaokata bomba tu na kuiachia hewani, na gesi ile ni uchafu unaoiharibu hewa yetu sote. Akatoa mota, shaba na chuma vikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kasha likachukuliwa na mfugaji akaligeuza mashine ya kutotolea vifaranga, na linatumia umeme wa taa tu, kwa sababu kuta zake zinashika joto. Kazi ya siku mbili! Siku mbili, na mama yangu angekuwa mzima shambani kwake.

Mama alizinduka siku ya nne. Aliishi, lakini macho yaliyoharibiwa na sukari hayakurudi vizuri, na mwisho yakazima kabisa.

Sasa wiki iliyopita binti yangu Zawadi kanipigia kutoka Dar. "Mama, tumenunua friji jipya. Hili la zamani tunakuletea, bado linafanya kazi." Loo! Nilimfokea mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna msiba gani. Linafanya kazi! Kama linafanya kazi, kwa nini mmelitoa?

Basi nisikilize, mwanangu, na uwaambie na wenzako. Kifaa kikichoka, mwite fundi kwanza. Mara nyingi ni raba tu, au themostati, kitu kidogo, na umeme unaoumwaga kila mwezi utarudi mfukoni mwako. Kisipotengenezeka, usikifiche stoo, usikitupe korongoni maji ya mvua yakakishusha mtoni, na waya usizichome moto uani kwako watoto wakavuta ule moshi. Mpelekee anayejua kukivunja, kila kipande kipate kazi yake. Na ukitaka kumpa mtu, mweleze ubovu wake wote kama ulivyoelezwa wewe. Akikataa, ashukuriwe. Mama yako usimpe kitu ulichokimbia wewe. Ukiwa na kidogo, mpelekee kidogo kizima.

Mimi nilimwomba mama radhi. Ilikuwa baada ya macho kuzima, ameketi kizingitini anachambua pilipili kwa vidole. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kwamba nilijua friji ni bovu, na siku ile ya simu nilijibu tu ili anipishe niuze. Akanitafuta kichwa kwa mkono. Akasema, "Kosa ni langu, mwanangu. Nilikusumbua kazini."

Alifariki anaamini hivyo, na sikuweza kumtoa kwenye imani hiyo. Ndiyo maana nafoka.

Haya, nenda. Mungu akulinde wewe na walio nyumbani kwako, akupe riziki isiyovuja, na umri mrefu wa kuwatunza waliokuzaa. Na akuepushie, nakuombea kwa moyo wote, kusamehewa na mama yako namna ile niliyosamehewa mimi.