Madamu wa Michoro

Sisi mafundi wa ujenzi tunamwita msanifu wetu wa majengo Madamu wa Michoro, kwa sababu hakuna mchoro wa mhandisi wala wa fundi umeme unaotufikia kabla hajaupitia. Huutandaza juu ya mifuko ya saruji, hukandamiza pembe zake kwa mawe, kisha hufuata kila mstari kwa kidole, akinong'ona vipimo kwa Kifaransa. Akikuta kosa hapigi kelele. Huvua miwani na kuuliza taratibu, "Hii mulango itafungukia wapi?"

Wiki jana, huko Gatumba, mji unaokumbwa na mafuriko, mzee Ilyasi, ambaye tunamjengea duka la dawa, alikataa sakafu iinuliwe mita moja na nusu.

"Wagonjwa hawataweza kupanda ngazi zote hizo. Ishushe, Madamu."

Madamu hakubishana naye. Alivuka barabara, mzee na sisi tukimfuata, hadi kwa jirani, mama Mwantum, akamwomba amwonyeshe mafuriko yalikofika. Mama huyo aliweka kiganja ukutani, sawa na bega lake.

"Maji ilifika hapa. Watoto tuliwapandisha kwenye paa."

Madamu akapima kutoka chini: mita moja na robo. Mzee Ilyasi akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa wagonjwa wangu?"

Madamu alipiga magoti palepale, akachora mchangani njia pana ya mteremko iliyozunguka ukuta mpaka mlangoni.

"Watapita hapa, patron, hata wa kusukumwa kwenye kiti. Na dawa zako zitabaki kavu."

Mzee aliutazama mchoro, halafu akatugeukia sisi.

"Munangoja nini? Mujenge."