Waya wa Mashine ya Majani

Siku ya kwanza kuingia karakana ya serikali pale Kisarawe, wakati wa Mwingereza, nilivaa shati jeupe. Fundi Mkuu, Mzee Mwinshehe, alinitazama kuanzia kola hadi miguuni.

"Shikamoo, Fundi Mkuu," nikasema.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kurui, mzee."

"Karibu. Hilo shati lako leo tutalipoteza."

Na kweli lilipotea. Nilishinda nikiosha vyuma kwa mafuta ya taa, naye akinieleza kila chuma jina lake na kazi yake. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilijua siku ile ile kwamba nimepata mwalimu.

Miongoni mwa mali tuliyoitunza ilikuwa mashine ya kukata majani ya uwanja wa hospitali. Siku hizi mnazo ndogo za kusukuma. Ile ilikuwa nzito, ikijiendesha yenyewe, na mtu akiifuata nyuma ameshika mikono yake. Haikuwa na breki. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na kijiti cha akseleta, chenye waya unaopita ndani ya ganda mpaka kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Ukisukuma kijiti, injini inapata nguvu na mashine inatembea. Ukikirudisha, injini inatulia na mashine inasimama. Usalama wote ulikuwa kwenye waya ule.

Aliyeiendesha alikuwa Petro, Mkristo wa Maneromango, mtu mwangalifu. Asubuhi moja ya kliniki tulisikia injini inalia kupita kiasi. Tukatoka mbio. Petro alikuwa amerudisha kijiti, lakini mashine haikutii. Ilikuwa inateremka kuelekea walikoketi akina mama na watoto wao. Alijining'iniza kwenye mkono mmoja wa mashine kwa uzito wake wote ili aigeuze, huku akipiga kelele, "Ondokeni! Ondokeni jamani!"

Wanawake wakatawanyika, viatu na kanga vikabaki kwenye majani. Mzee Mwinshehe, na umri ule, alitupita vijana wote. Akavua kofia yake, akaikunja kiganjani, akaukamata waya wa plagi, unaopeleka umeme kwenye injini, na kuung'oa. Umeme ulimtikisa mpaka begani. Injini ikazima. Mbele ya visu palikuwa na kanga moja, na mwenyewe akiwa hatua chache tu kutoka hapo, amekumbatia mwanawe.

Bwana Mkaguzi wa Kazi, Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu sote, alifika uso umemwiva.

"Petro, kesho usije kazini. Hujui kutumia mashine."

Petro akaanza kuokota viatu vya akina mama.

"Bwana," akasema Fundi Mkuu, "kabla hatujamfukuza mtu, naomba tuifungue mashine."

Akaifungua pale pale, Mkaguzi amesimama. Kwanza alichomoa waya kwenye kabureta, akausogeza mkono wa kabureta kwa kidole. Ukaenda na kurudi wenyewe. Springi ilikuwa nzima. Basi ubovu ulikuwa kwenye waya. Akalifuata ganda kwa vidole mpaka kwenye kibano kinacholishikilia, akakilegeza. Ganda lilikuwa limebonyea. Ndani, nyuzi za waya zilikuwa zimekatika na kuchomoza kama miiba, zikajikita kwenye ganda. Waya ukawa haurudi.

Akasimama, akajifuta mikono.

"Kibano hiki nilikikaza mimi wiki iliyopita, Bwana. Nimekikaza kupita kiasi. Petro hana kosa. Bila yeye kuigeuza, leo tungekuwa na msiba."

Hakuna aliyejua ila yeye. Angenyamaza, tusingejua kamwe.

Mkaguzi akainama kukitazama kile kibano. "Unajua itanibidi nipeleke habari hii Dar es Salaam?"

"Peleka, Bwana."

Mkaguzi akamgeukia Petro. "Utaendelea na kazi," akasema, kisha akampa mkono.

Vipuri havikuwepo. Fundi Mkuu akachukua waya wa breki ya baiskeli, akaukata kwa kipimo, akauyeyushia madini ya risasi nchani ili ushike, akaupaka grisi na kuupitisha ndani ya ganda la breki hiyo hiyo. Kibano akakikaza kwa vidole tu, kisha kwa spana kidogo. Akamwita Petro aijaribu. Kijiti kilirudi, na mashine ikasimama kama imeambiwa.

Mzee Mwinshehe alikuwa akingoja uhamisho wa kwenda karakana kuu ya Dar es Salaam. Habari ya Mkaguzi ilipofika huko, nafasi ile akapewa mwingine. Mimi baadaye nilipelekwa Kibaha, nikawa mkuu wa karakana ndogo ya barabara, na kila likizo nilipita kumwamkia. Siku moja nikathubutu kumuuliza kama hakujutia kuikosa nafasi ya Dar es Salaam.

"Mwanangu," akasema, "ningemfukuzisha mtu kazi kwa kosa langu, ningekuwa nakwenda naye moyoni kila mahali."

Nimestaafu sasa, na nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, weusi kwa weupe. Ufundi niliupata kwa kila mmoja wao. Lakini nikiulizwa ni nani nilitamani kufanana naye, namtaja yule mzee wa Kisarawe, na hata leo sijui kama nimemfikia.