Satini Isiyokuwa na Oda

Nyamusi alikuwa na jicho. Wanaomkumbuka pale Migori kabla hajaolewa watakuambia: mweleze tu marehemu alikuwa mrefu kama nani, naye atakata satini ya kutandika ndani ya jeneza bila kugusa futi, na haitapungua hata upana wa kidole. Kisha wakaja watoto, wanne, na kwa miaka kumi na mmoja jicho hilo likawa la nyumbani. Lilipima kaptura, magauni, sare za shule. Nyatichi, kitinda mimba, alipoanza gredi ya kwanza, mama mtu akakuta saa tatu asubuhi amebaki yeye na kuku.

Akarudi kwa Mzee Omwenga, mwenye karakana ya majeneza alikokuwa akishona kabla ya ndoa. Mzee hakumuahidi kitu. Alimwambia afanye kazi siku moja, jioni ataamua. Naye Nyamusi aliitaka kazi ile kwelikweli, maana mumewe alikuwa amemwambia, tena kwa upole, kwamba mikono iliyokaa bila kazi hivyo hairudii ufundi wake.

Sasa, karakana ile ilikuwa na mwiko mmoja. Majeneza ya watu wazima yaliundwa mapema, yakasimamishwa ukutani yakingoja wenyewe. La mtoto, hapana. La mtoto halikuguswa mpaka mzazi aje na kamba yenye fundo, ile aliyompimia. Omwenga alisema ukitengeneza dogo kabla, unaita. Hakusema unaita nini, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Asubuhi ilianza kwa utani. Mwikwabe, seremala, alimwona akimtazama akasema, "Mama, hilo jicho lako lielekeze kwingine. Mimi sijatoa oda." Wakacheka. Oda ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa Macalder, mtu mrefu. Nyamusi akatandaza satini nyeupe mezani, akashika mkasi.

Alivyokata, hakumbuki. Anachokumbuka ni kwamba randa ya Mwikwabe ilinyamaza. Akainua macho, akamwona Omwenga amesimama mbele ya meza.

"Hii umeikatia nani?"

Kitambaa kilikuwa kifupi. Kifupi mno. Nyamusi akakiangalia kuanzia juu mpaka chini, na kabla hajafika mwisho alikuwa ameshajua. Mabega yale aliyajua. Urefu ule, shingoni hadi kisiginoni, aliushonea gauni wiki iliyopita. Ulikuwa wa Nyatichi.

Alimpigia simu mwalimu wa Nyatichi. Mwalimu akacheka, akasema mtoto yupo darasani, mzima. Nyamusi akamwomba atazame tena. Mwalimu akatazama tena. Yupo.

Akarudi mezani, akakata ya mzee wa Macalder, safari hii kwa futi, akaishona. Ile ndogo ilibaki pembeni. Hakuna aliyetaka kuikunja, wala kuikatakata. Omwenga alikuwa akiipita kwa mbali, kama mtu anayempita mbwa asiyemfahamu.

Saa saba mchana aliingia mwanamume kutoka Karungu, jina lake Ochieng. Mkononi alikuwa na uzi wa nyavu, umefungwa fundo. Omwenga akampa pole, akamwonyesha benchi. Hakukaa. Alikuwa ameshaiona satini ndogo mezani.

Mzee akauchukua ule uzi, akaulaza juu ya satini. Fundo likaangukia ukingoni, halikupita, halikupungua.

Ndipo Nyamusi akasikia kitu kikishuka kifuani, kikatulia. Ilikuwa furaha. Kumbe si wangu. Akamwona baba wa watu amesimama pale, macho mekundu, na furaha ile ikamtisha kuliko kitambaa chenyewe.

"Mlijuaje?" Ochieng akauliza.

Nyamusi akamtangulia Omwenga kujibu.

"Hatukujua, baba. Nilikosea. Nilikata kwa urefu wa binti yangu."

"Binti yako anaitwa..." Ochieng akaanza, kisha akainua mkono. "Hapana. Usinitajie."

Omwenga akamwambia Nyamusi kwa sauti ya chini aende nyumbani, atatafutwa fundi mwingine. Lakini Nyamusi alijua akiinuka sasa hataketi tena kwenye kiti kile. Tena, nani angeigusa satini ile?

"Nitashona mimi," akasema.

Akashona. Mwikwabe alipiga misumari yake, akamaliza, akatoka nje. Ikabaki sauti ya cherehani tu, na kila aliponyanyua mguu ili ageuze kitambaa, ukimya ulimjia kutoka kule ukutani, kwenye majeneza makubwa, kana kwamba yalikuwa yakisikiliza mshono umefika wapi. Hakugeuka kuyatazama.

Alipomaliza, Ochieng aligusa pindo kwa kidole kimoja. "Erokamano, nyaminwa," akamshukuru kwa lugha yake, kama mtu anayemshukuru dada yake. Akauomba uzi wake, akauzungusha kiganjani, akautia mfukoni.

"Kesho saa mbili," Omwenga akamwambia Nyamusi, bila kumtazama.

Alisema atakuja.

Kisha akaenda shuleni. Nyatichi alimwona kutoka mbali, akamjia mbio, mkoba ukimpiga mgongoni. Nyamusi akachutama haraka kabla mtoto hajafika, nyuso zao zikawa sawa. Akamshika mkono, wakaondoka, na njia nzima hakuthubutu kumtazama kwingine ila usoni.