Dizeli iliganda asubuhi ya theluji, ndani kuna mjamzito wa kuwahishwa hospitali: jinsi tulivyoipasha moto injini ya bakkie

Wakuu, heshima kwenu. Mlioko kazini poleni, mlioko kitandani bado endeleeni, uzi hauondoki.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijasimuliwa. Gari lenyewe ninalo mpaka leo, lipo hapo chini ya flat. Sitaongeza chumvi. Pale nilipoogopa nitasema niliogopa.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Makete, naishi Durban maeneo ya Umbilo. Nabeba mizigo kwa bakkie, huku pickup ndiyo wanaiita hivyo. Double cabin, injini ya dizeli, imezeeka kidogo lakini ina nguvu. Leo makochi, kesho friji, keshokutwa natoa mzigo kiwandani Jacobs napeleka dukani kwa mtu.

Sasa Durban haina baridi. July asubuhi unavaa sweta, saa nne umelivua. Unaweza ukaendesha dizeli hapa miaka na miaka usijue kwamba dizeli nayo inaganda.

Mimi sikujua. Baridi ya Makete naijua vizuri, lakini ile dawa yake ni sweta na kukaa jikoni. Hii ninayowaeleza ilikuwa ya aina nyingine.

Jirani yangu pale flat ni mama mmoja wa Bukavu, tunamwita Mama Espe. Ana saluni Greyville. Mama wa kanisa, mama wa kazi, ukimchelewesha anakwambia usoni. Mimi ananiita Papa Neema, kwa jina la binti yangu.

Binti yake Esperance, ndiye huyo Espe, ameolewa na kijana wa Burundi anaitwa Désiré. Wana kiduka cha simu kwenye mji mdogo juu kabisa, chini ya milima ya Drakensberg, upande wa kuelekea Lesotho.

Espe alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, zimebaki wiki chache. Mama yake akataka ashuke ajifungulie Durban, awe karibu naye. Akaja kunigongea.

"Papa Neema, Jumamosi tuende kumuchukua mutoto. Mimi sitaki azalie mu ile baridi."

Nikasema hamna shida mama, twende.

Jumamosi nikajaza tank hapa hapa Umbilo Road, tukapanda. Kadiri tunavyopanda, hewa inabadilika. Tulipofika ule mji milima yote ilikuwa nyeupe kwa juu. Mama Espe akaniangalia, akajifunga khanga ya pili juu ya koti.

Mpango ulikuwa tulale pale, asubuhi tushuke. Gari nikaliegesha nje uwani, maana hakuna gereji. Nikaingia ndani, tukala ugali na maharage, tukalala.

Asubuhi nimeamshwa na sauti ya Mama Espe.

Espe alikuwa anatokwa na damu. Si uchungu wa kawaida, ni damu, na tumbo limekaza. Désiré alikuwa tayari na simu sikioni anapiga ambulance. Wakamwambia zote zimetoka, theluji imeshuka hadi barabarani na kuna ajali, wasubiri. Wasubiri mpaka lini, hawakuweza kusema. Kliniki ya pale siku hiyo imefungwa. Hospitali yenyewe ya upasuaji iko Pietermaritzburg, mwendo kama wa saa mbili kukiwa kuzuri.

Nikasema hatusubiri mtu, gari lipo. Nikatoka nje.

Wakuu, uwanja wote mweupe. Gari limevaa theluji kama limefunikwa shuka. Mlango ulikuwa umeganda, nikauvuta huku mguu mmoja nimeukanyagia ubavuni mwa gari.

Nikaweka funguo. Nikasubiri taa ya glow plug izime, ile taa ya kamba iliyojikunja, inamaanisha plagi zinapasha joto ndani ya silinda. Ikazima. Nikapiga stata.

Nyoooo. Nyooo. Nyoo.

Stata inazunguka kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Nikajaribu tena, na tena. Bomba likatoa moshi mweupe kidogo, basi.

Hapo niliogopa. Sikuogopa gari kuharibika. Niliogopa kurudi ndani na kuwaangalia usoni.

Mama Espe alishatoka, amesimama mlangoni.

"Moteur inakatala?"

"Imeshikwa na baridi mama."

"Basi tuipashe moto," akasema, kama anazungumzia maji ya chai. "Sema tunafanya namna gani. Hatukai hapa tunaangaliana."

Lile neno lilinitoa kwenye woga. Nikaacha kupiga stata, maana nilikuwa namalizia betri bure. Nikafungua boneti nikaanza kufikiri.

Mimi si fundi, ila mwenye gari kuukuu anajifunza mengi. Mambo matatu yalikuwa yamekufa kwa baridi. Betri imepoteza nguvu. Oili ya injini imekuwa nzito kama asali, ndiyo maana stata inahema. Na dizeli. Nilifungua filta, na kilichokuwa ndani hakikuwa dizeli mnayoijua. Kilikuwa na ukungu, kizito, chengachenga kama mafuta ya kula yaliyoganda kwenye sufuria. Hicho hakipiti kwenye filta hata ufanyeje.

Baadaye ndio nikaja kujua kwamba dizeli ya kule juu wakati wa baridi si sawa na ya pwani. Ya kule imetengenezwa isigande. Mimi nilikuwa nimepanda mlimani na dizeli ya ufukweni.

Nikamwambia Désiré: "Kimbia kituo cha mafuta, chukua dizeli ya huku kwenye galoni. Ukikuta gari lolote njiani linaloshuka, lisimamishe." Akaondoka mbio, theluji inamfika kwenye vifundo.

Nikachomoa betri, nikaibeba ndani, nikaiweka kwenye zulia karibu na hita ya umeme, lakini si kuibananisha nayo.

Jirani yao, mama mmoja anaitwa MaDlamini, alisikia kelele akaja na blanketi mabegani. Alipomwona Espe alivua blanketi akamfunika, akakaa naye chini, akamshika mkono. Hakuuliza mambo mengi. Mimi nilipomwomba moto akanielekeza kwake kwa kidole: "Thatha, bhuti, thatha!" Yaani chukua, kaka, chukua. Uani kwake kulikuwa na ndoo ya chuma yenye matundu, imejaa makaa mekundu.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, sitaki mtu aje aunguze gari halafu aseme nimemfundisha mimi. Nilikagua kwanza kama kuna mafuta yanayovuja, nikayafuta yote niliyoyamwaga kwenye filta. Nikachota makaa yasiyo na mwali, nikayaweka kwenye karai pana, nikayasukuma chini ya sehemu inayokaa oili, yakiwa mbali na mipira na nyaya. Pembeni nikaweka ndoo ya mchanga. Juu ya boneti nikatupa turubai langu la mizigo na mablanketi, joto lisikimbie. Sikutoka pale hata kidogo. Ni kitu cha kufanya pale tu ambapo huna njia.

Filta nayo? Makaa huwezi kuyasogeza kwenye mafuta. Nilikuwa nachemsha maji, navilowesha vitambaa, nafunga kwenye bomba la dizeli, vinapoa kabla sijageuka.

Mama Espe akaniangalia mara mbili, akaingia ndani. Akarudi na draya yake ya saluni. Alikuja nayo amtengeneze mwanaye nywele.

"Hii inakausha wigi ya mutu mu dakika chache. Inaweza kupasha ile bomba?"

Nikasema mama, leta.

Tukavuta waya wa umeme kupitia dirishani. Basi picha ni hii: mama wa Bukavu, khanga mbili na koti, ameinama ndani ya boneti, anapulizia bomba la dizeli vile vile anavyopulizia kichwa cha mteja, kutoka mzizi kwenda ncha. Ndani binti yake anaugua, sauti inatufikia. Kila Espe alipopiga kelele, yule mama alifumba macho, lakini mkono haukusimama.

"Espe!" anaita kwa nguvu. "Courage, mama yangu! Tunakuja!"

Désiré akarudi anahema, galoni mkononi. Hakupata gari hata moja, taxi rank, yaani stendi ya daladala, tupu kabisa. Lakini dizeli kapata. Nikasafisha filta kwa ile mpya, nikaijaza, nikafunga. Nyingine nikamwaga kwenye tank ichanganyike. Désiré aliuliza kama tuweke na petroli kidogo, eti alisikia inasaidia. Nikakataa. Kwenye injini za siku hizi petroli inakausha pampu, na pampu ikifa tumekwisha.

Nikapitisha mkono chini ya injini. Chuma kilikuwa na uvuguvugu.

Nikatoa karai la makaa, nikalimwagia mchanga. Nikaleta betri, nikafunga. Nikawasha taa ya glow plug, nikaiacha izime, nikarudia hivyo tena bila kupiga stata, mpaka nikaona inatosha.

Nikapiga.

Stata ikazunguka kwa kasi. Injini ikakohoa, ikazima.

Tena. Ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nikapiga ya tatu, nikaacha mguu umetulia, na ikashika! Ikatetemeka gari zima, moshi mweupe ukajaa uwani hadi sikumwona Désiré. Ikawa inagonga kama ngoma, halafu taratibu ikatulia.

Mama Espe akapiga magoti palepale kwenye theluji, akainuka haraka, akakimbilia ndani.

Tukamlaza Espe kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake. Désiré mbele. MaDlamini akatupatia mablanketi yake yote.

"Papa Neema, endesha!"

"Bado mama. Dakika chache ishike joto."

"Mutoto iko anakufa!"

"Tukiondoka sasa hivi ikazima mlimani, hakuna draya kule. Nivumilie mama."

Wakuu, zile dakika zilikuwa ngumu kuliko zote. Mama ananiangalia kupitia kioo na mimi najua anachofikiri. Nilishuka nikakata boksi la simu la Désiré, nikalifunga mbele ya rejeta liizuie hewa ya baridi, lakini nikaacha upenyo. Nikarudi, nikaona sindano ya joto imeanza kusogea. Tukaondoka.

Barabara mbaya, nakwenda taratibu, magurudumu yanateleza. Kwenye mlima mmoja gari likaanza kupoteza nguvu. Nikajua filta inaziba tena. Nikasogea pembeni bila kuzima injini, Désiré akaruka na chupa za maji ya moto tuliyobeba, tukazungushia filta vitambaa, tukamimina polepole, mikono inaungua na vidole vya miguu havina habari. Nguvu ikarudi. Tukapanda.

Tulipoanza kushuka bonde la pili theluji ikaisha, lami nyeusi, jua. Hapo nikatoa lile boksi, nikakanyaga.

Hospitali walitupokea na machela. Daktari dada mmoja alimwangalia Espe, akasema kondo la nyuma limeanza kuachia, akaingizwa theatre moja kwa moja. Aliposikia tulikotoka na njia ilivyokuwa, alisema tungekaa kusubiri ambulance tungewapoteza wote wawili.

Mtoto akatoka. Wa kike, mdogo, analia kwa hasira. Espe aliongezewa damu, akakaa siku kadhaa, akapona.

Mama Espe aliketi kwenye benchi la nje, mikono yake inanuka dizeli, hakutaka kunawa mpaka amwone binti yake amefumbua macho.

Sasa niliyojifunza, niyaseme kama nilivyoyapata.

Ukitoka pwani kupanda kwenye baridi kali, usipande na tank imejaa dizeli ya pwani. Panda na kidogo, jaza ukifika. Hili ndilo lilitaka kutumaliza.

Betri inayowasha gari Durban si lazima iwashe gari kwenye theluji. Ipime kabla ya msimu. Glow plug nazo zipimwe. Zangu, fundi alipozikagua baadaye, mojawapo ilikuwa imekufa zamani, na kwa joto la hapa sikuwahi kugundua.

Mwaga maji yanayokusanyika kwenye filta ya dizeli, maana yakiganda ni jiwe. Tumia oili nyepesi inayofaa baridi, angalia kitabu cha gari lako. Usiku tafuta ukuta wa kukinga upepo, funika boneti, na kumbuka kutoa blanketi kabla ya kuwasha!

Na kama una safari za mara kwa mara, funga hita ya injini, ile ya kuchomeka kwenye umeme. Mimi nilifunga. Sitaki tena kuona makaa chini ya gari langu.

Naona mmoja ameshauliza kama bado napanda huko. Mkuu, napanda. Baridi iliyopita nimempeleka Mama Espe kumsalimia mjukuu. Asubuhi uwanja mweupe vilevile. Nimechomoa waya wa hita, nimegeuza funguo, imewaka mara moja. Yeye alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, ananiambia tumechelewa ibada.

Mlioko Canada, Norway, Finland, na nyie wa Joburg na Lesotho, mnafanyaje na dizeli zenu? Kuna anayetumia dawa ya kuchanganya kwenye tank, inafaa kweli au tunapigwa? Na mafundi mliomo humu, kama kuna mahali nilikosea nirekebisheni, maana July haiko mbali na kuna mtu atasoma hapa akiwa amesimama nje na gari lisilowaka.